Agizo Moja, Majina Mengi: Istilahi za Prosesa Katika Programu ya Sataranji

Istilahi haipimwi ndani ya orodha. Hupimwa pale mtu aliyeipokea anapoitumia kufanya kazi, naye ama akafanikiwa ama akapotea. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tumeamua kuziacha orodha kwa muda na kuzifuata istilahi chache za kompyuta mpaka mahali zinapofanya kazi, yaani ndani ya programu ichezayo sataranji. Uwanja huu ni mwembamba, nasi tumeuchagua kwa makusudi. Programu ya namna hiyo hupima mamilioni ya hali za mchezo kwa sekunde moja, na waandishi wake hawaridhiki na lugha ya jumla. Huteremka mpaka kwenye maagizo ya prosesa yenyewe, na kuyachagua moja baada ya jingine ili kuokoa muda. Mfasiri awafuataye huko hawezi kujificha nyuma ya maneno yenye maana pana.

Hoja tunayoitetea ni hii: jina la Kiswahili la agizo la mashine lichukuliwe kutokana na kazi ambayo agizo hilo hufanya, wala si kutokana na jina ambalo Waingereza na Wamarekani walilibandika. Wasomaji wetu wengi watasema kwamba jambo hili linajulikana. Hapana shaka linajulikana. Lakini, kama tutakavyoonyesha, halifuatwi kwa urahisi.

Amri, agizo na maelekezo

Yafaa tuanze na neno la msingi. Katika maandishi mengi ya Kiswahili yahusuyo kompyuta, maneno amri, agizo na maelekezo hubadilishana nafasi kana kwamba ni visawe. Katika barua ya ofisi pengine hasara yake ni ndogo. Katika programu ya sataranji hasara ni kubwa, maana mambo matatu yaliyo tofauti hukutana mahali pamoja.

Kwanza, mtumiaji huiambia programu ianze kufikiri, au isimame. Tangu mwaka 2000 programu nyingi za sataranji hupokea maneno ya namna hiyo kwa utaratibu wa mawasiliano uitwao UCI. Hiyo ni amri: hutolewa kwa programu kutoka nje yake. Pili, programu yenyewe ni mfululizo wa hatua ndogo mno zitekelezwazo na prosesa: jumlisha, linganisha, hamisha, ruka. Kila hatua ni agizo. Tatu, kuna maandishi yanayomweleza mtu jinsi ya kuiweka programu katika mashine yake. Hayo ni maelekezo. Kiswahili kimejaliwa maneno matatu kwa mambo matatu. Hatuoni sababu ya kuyachanganya.

Kadhalika, maagizo haya huelezwa mara nyingi kuwa ni ya "ngazi ya chini". Tafsiri hii ni sisisi, nayo ina kasoro. Katika Kiswahili cha utawala, ngazi ya chini ni kitongoji, mtaa na kijiji. Mtumishi wa serikali asomaye juu ya "maagizo ya ngazi ya chini" anayo haki ya kudhani kwamba ni waraka uliopelekwa kwa watendaji wa vijiji. Zaidi ya hayo, usemi huo hudokeza udhalili, hali kinachotajwa ni ukaribu: maagizo haya yako karibu na umeme wa mashine kuliko lugha ambazo wanaprogramu huziandika kwa kawaida. Tunaona kwamba "maagizo ya mashine" yatosha, na pale panapohitajika ulinganisho, isemwe lugha iliyo karibu na mashine na lugha iliyo mbali na mashine.

Ubao ndani ya rejista

Ubao wa sataranji una miraba 64. Prosesa ya kawaida ya leo hushika biti 64 katika rejista moja. Kila biti huwa imewaka au imezimika, yaani huwa moja au sifuri. Basi mwanaprogramu huupa kila mraba biti yake, kisha huweka namba moja ya biti 64 kwa kila swali alilo nalo: vitunda vyeupe viko wapi? Ngome nyeusi ziko wapi? Mraba wenye kete inayoulizwa, biti yake huwaka. Atakaye kujua vitunda gani vyeupe vinashambuliwa na farasi mweusi huzikutanisha namba mbili tu, ile ya vitunda na ile ya miraba inayoshambuliwa. Biti zinazowaka katika namba zote mbili ndizo jibu. Swali lihusulo ubao mzima limejibiwa kwa agizo moja.

Mpango huu ni wa zamani kuliko prosesa tulizo nazo. Christopher Strachey alieleza mwaka 1952 programu ya dama iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta ya Manchester, Uingereza. Dama hiyo hutumia miraba 32 tu, hivyo iliingia katika neno moja la mashine. Katika miaka ya 1970, David Slate na Larry Atkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, waliutumia mpango huo katika programu yao ya sataranji, iliyoshinda mashindano ya dunia ya kompyuta mjini Toronto mwaka 1977. Mashine yao ilikuwa na maneno ya biti 60, kwa hiyo neno moja halikutosha miraba 64. Warusi walioandika programu ya Kaissa, iliyoshinda mashindano ya kwanza ya dunia mjini Stockholm mwaka 1974, walifikia mpango huo kwa njia yao wenyewe. Prosesa za biti 64 za ukoo wa x86 zilipoanza kuuzwa mwaka 2003, ubao mzima ulienea katika rejista moja ya kompyuta ya kawaida.

Kitu hiki tunakiita ubao wa biti. Tunataja jambo hili dogo kwa kuwa wapo watakaovutwa na utohozi na kuandika "bodi ya biti". Utohozi ni njia halali ya kuunda istilahi, lakini neno bodi limekwisha kupewa kazi katika Kiswahili. Ni chombo cha wakurugenzi. Msomaji atadhani kwamba biti nazo zimeundiwa shirika la umma. Ubao ni neno letu, na wachezaji wa bao na dama wanalifahamu.

Agizo lisilohesabu watu

Miongoni mwa maagizo yanayopendwa na waandishi wa programu za sataranji ni lile liandikwalo POPCNT. Liliingizwa katika prosesa za AMD mwaka 2007 na za Intel mwaka 2008, ingawa kompyuta ya Ferranti Mark 1 ya mwaka 1951 ilikuwa tayari na agizo la kazi hiyohiyo. Kazi yake ni kueleza biti ngapi zimewaka katika namba. Kwa agizo hili programu hujua vitunda vimebaki vingapi, au kete fulani ina miraba mingapi ya kuendea. Nayo kete yenye uhuru mkubwa huhesabiwa kuwa na thamani zaidi.

Pasipo agizo hili, mwanaprogramu hulazimika kuzunguka. Peter Wegner alichapisha mwaka 1960 njia ambayo katika kila mzunguko huzima biti moja iliyowaka, mpaka namba iwe sifuri. Biti kumi zikiwa zimewaka, mizunguko ni kumi. POPCNT huleta jibu lilelile kwa agizo moja.

Sasa tutazame jina. Kiingereza kimeliita agizo hili kwa neno litumikalo katika sensa, kana kwamba biti zilizowaka ni wakazi wa mji. Mfasiri atakayefuata neno ataandika "hesabu ya watu", na mtumishi wa idara ya takwimu atatafuta wananchi asiwaone. Mwingine, kwa kutahadhari, ataandika "hesabu ya biti". Hili nalo halitoshi, kwa kuwa hesabu ni somo la shuleni na pia ni daftari la mhasibu. Msomaji hajui kama biti zinajumlishwa, zinagawanywa au zinakaguliwa. Tunapendekeza idadi ya biti zilizowaka kwa nomino, na kuhesabu biti zilizowaka kwa kitenzi. Ni ndefu kidogo, lakini mwanafunzi aliyeisikia mara moja anaweza kulifanya zoezi kwa kalamu bila kuuliza tena.

Uchawi na kudondoa

Mfano mgumu zaidi ni wa ngome. Kete hii huenda wima na mlalo mpaka ikutane na kizuizi. Ngome iliyo katikati ya ubao inategemea miraba 10 tu ambayo kizuizi chake hubadilisha jibu. Iliyo kwenye kona inategemea miraba 12. Miraba 10 huzaa hali 1,024, na miraba 12 huzaa hali 4,096. Ukijumlisha hali zote kwa miraba yote 64 ya ubao, unapata 102,400, na majibu yake yote huandikwa mapema katika jedwali. Kinachobaki ni kulifungua jedwali mahali panapostahili. Lakini zile biti 10 zimetawanyika huku na huko ndani ya namba ya biti 64, nazo zapaswa kusogezwa pamoja ziwe namba ndogo ya kufungulia jedwali.

Njia moja ni kuzizidisha biti hizo kwa namba iliyopatikana kwa kujaribu nyingi, mpaka ikapatikana ile ambayo kuzidisha kwake hukusanya biti bila migongano yenye madhara. Kiingereza huita namba hiyo kwa neno la kichawi, kwa mzaha. Kiswahili hakina mzaha wa aina hiyo juu ya uchawi. "Namba ya uchawi" katika kitabu cha shule italeta maswali kutoka kwa wazazi kabla haijaleta maarifa kwa watoto. Tena jina hilo linaficha ukweli ulio rahisi, kwamba namba imetafutwa na kuteuliwa. Tuiite kizidishi teule.

Njia ya pili ni agizo liandikwalo PEXT, lililoingia katika prosesa za Intel mwaka 2013. Agizo hili hupewa namba mbili: ya kwanza ni ubao, ya pili huonyesha biti zipi zinatakiwa. Huziokota zinazotakiwa, likaziweka pamoja upande mmoja kwa mpangilio wake, na kuziacha nyingine. Tumelitafutia kitenzi. Kuchambua hakifai, maana programu ya sataranji huchambua mchezo, na neno moja haliwezi kubeba kazi mbili katika ukurasa mmoja. Kuchuja kunakaribia, lakini kilichochujwa hubaki mahali pake, hakikusanywi. Kiswahili kina kudondoa, yaani kuokota kimojakimoja, kama mtu aokotavyo punje za mchele zilizomwagika akazitia chunguni. Neno hilihili limekwisha kutupa dondoo katika taaluma ya fasihi: vipande vilivyotolewa katika andiko refu na kuwekwa pamoja. Kudondoa biti ndiyo kazi ya PEXT, wala haipungui.

Ile namba ya pili Kiingereza huiita kwa jina la kifuniko cha uso. Barakoa huficha, na kinyago hutisha au huchekesha. Hapa kinachotakiwa ni kitu kinachoamua kipi kipite. Tunapendekeza kichujio. Sentensi ya kujaribia ni hii: "Dondoa kutoka katika ubao biti zilizoruhusiwa na kichujio." Mwalimu aisome darasani aone kama yahitaji maelezo zaidi.

Jina si kasi

Hapa pana onyo kwa mfasiri. Maagizo haya hutafutwa kwa ajili ya kuharakisha programu, hivyo kishawishi cha kuyaita "maagizo ya kasi" ni kikubwa. Historia ya PEXT inakanusha jina hilo. Prosesa za AMD za ukoo wa Zen zilizotangulia Zen 3, iliyotoka mwaka 2020, zililikubali agizo hili, lakini zililitekeleza kwa mfululizo mrefu wa hatua za ndani. Programu iliyonufaika na PEXT katika prosesa ya Intel ilichelewa katika prosesa hizo, na kizidishi teule kikawa bora kuliko agizo lililobuniwa kuchukua nafasi yake. Agizo lilikuwa lilelile, na jibu lilelile. Muda ndio uliotofautiana. Kwa hiyo jina la agizo liseme kazi, na kasi iachiwe kipimo.

Aidha, hata agizo la haraka halina faida kubwa kuliko sehemu ya kazi linayoigusa. Tuchukue mfano wa hesabu tu: programu ikiwa inatumia sehemu moja katika kumi ya muda wake kuhesabu biti, na kazi hiyo ikaondolewa kabisa, programu itakuwa na kasi zaidi kwa asilimia 11 hivi, wala si mara kumi. Ndiyo sababu tunawaomba wafasiri watenganishe kasi na ufanisi. Kasi ni wingi wa hali za mchezo zinazopimwa kwa sekunde. Ufanisi ni kulifikia jibu zuri kwa kupima hali chache. Programu yaweza kuongeza kasi na kupoteza ufanisi, na mwandishi atumiaye neno moja kwa yote mawili hataweza kulieleza jambo hilo.

Agizo haramu

Tumefika mahali ambapo istilahi mbovu humdhuru mtu asiyehusika kabisa na ufundi. Stockfish ni programu ya sataranji itolewayo bure, na walimu wa vilabu vya shule waweza kuichukua. Hutolewa kwa namna mbalimbali zilizoandaliwa kwa ajili ya prosesa mbalimbali: majina ya mafaili yake hubeba alama kama popcnt, avx2 na bmi2. Mwalimu mwenye kompyuta ya zamani akichukua faili lenye maagizo ambayo prosesa yake haiyajui, programu husimama. Katika mfumo wa Linux hutokea taarifa ambayo kwa Kiingereza hutumia neno lilelile wanalolitumia polisi na mahakimu kwa jambo lililokatazwa na sheria.

Mfasiri wa neno kwa neno ataandika "agizo haramu" au "agizo lisilo halali". Mwalimu ataogopa. Atadhani kwamba ameiba programu, au kwamba ofisi imezuia matumizi yake, naye atazima mashine na kunyamaza. Tena upotofu huu una mtego wa pili, kwa kuwa sataranji yenyewe ina sheria, na ndani ya programu hiyohiyo kuna taarifa ya haki juu ya mwendo usio halali, kwa mfano mchezaji anapomwacha mfalme wake katika hatari. Msomaji ataunganisha mambo mawili yasiyohusiana, atafute kosa katika mwendo wa kete hali kosa liko katika uchaguzi wa faili.

Hakuna sheria iliyovunjwa. Prosesa imepewa agizo isilolijua. Tafsiri iwe: agizo lisilojulikana na prosesa hii. Neno "hii" lisiachwe, maana ndilo linalomwonyesha mwalimu kwamba tiba ni kuchukua faili jingine linaloifaa mashine yake.

Alama AVX2 nayo yahitaji neno. Inataja maagizo yanayoshughulikia namba nyingi kwa pamoja: rejista ya biti 256 hubeba namba 16 za biti 16 kila moja, na agizo moja huzijumlisha zote kwa mara moja, kama kikosi katika gwaride kinavyogeuka kulia kwa sauti moja ya kiongozi. Tangu Stockfish 12 ya mwaka 2020, programu hiyo hupima hali za mchezo kwa mtandao wa neva wa aina iliyobuniwa na Yu Nasu wa Japani mwaka 2018 kwa ajili ya mchezo wa shogi, na mtandao huo hutegemea sana maagizo ya namna hii. Tunayaita maagizo ya safu.

Pingamizi na jibu

Wapo watakaosema kwamba juhudi hii ni bure: POPCNT na PEXT zitabaki zilivyo katika programu zote duniani, basi kwa nini tusizitumie hivyo? Jibu letu ni kwamba zibaki. Hizo ni alama, kama alama za kemia zilivyo, na alama haitafsiriwi. Lakini mwalimu wa kemia aandikaye Fe ubaoni husema chuma kwa kinywa chake. Alama ni ya kuandika. Istilahi ni ya kufikiria na kufundishia. Asiye na neno la pili hukariri la kwanza.

Mfano mzuri wa kazi hii unatoka ndani ya mashine yenyewe. Kompaila ni programu ifasiriyo maandishi ya mwanaprogramu kuwa maagizo ya mashine. Ni mfasiri mwenzetu. Kompaila ya mradi wa LLVM, ikikuta ule mzunguko wa Wegner, na ikijua kwamba prosesa inalo agizo linalofaa, huweza kuuacha mzunguko wote na kuandika POPCNT peke yake. Haikufuata hatua kwa hatua yale iliyoyakuta. Ilitambua kusudi, ikatafuta katika lugha ya pili njia ambayo lugha hiyo inayo tayari. Kazi hii ikitendwa na mashine husifiwa kuwa ni ustadi. Nasi tunaidai kwa mfasiri wa Kiswahili, ambaye lugha yake ina kudondoa, ubao, safu na kichujio.

Basi tunayatoa mapendekezo haya yajaribiwe: amri, agizo na maelekezo yatenganishwe, maagizo ya mashine, ubao wa biti, idadi ya biti zilizowaka, kizidishi teule, kudondoa biti, kichujio, maagizo ya safu, na agizo lisilojulikana na prosesa hii. Hatuyatoi kama sheria. Walimu wayapeleke darasani, wafasiri wayatie katika sentensi za kazi, na watumishi wa ofisi wayasome kama watu wasioijua sataranji. Litakaloshindwa huko, na tulijue. Tutashukuru kupokea sentensi lilimoshindwa pamoja na neno lililo bora zaidi.